Sura ya Tano: Kabla na Baada ya Mimba

Tarehe 22 Juni 2017, akiwahutubia wananchi wa Chalinze mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba maadamu yeye ndiye rais, mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shule. Wazazi wengi waliafiki. Waliamini kwamba mtoto aliyejifungua akiketi dawati moja na wenzake atawafundisha tabia mbaya, na kwamba shule si mahali pa akina mama. Tarehe 24 Novemba 2021, miezi minane baada ya kifo cha rais huyo, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kinyume chake: wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida.

Kati ya tarehe hizo mbili nchi nzima ilibishana. Watu walibishana juu ya maadili, mila, dini, haki ya binti na haki ya wenzake darasani. Ubishi huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Karibu wote waliozungumza, wa upande huu na wa upande ule, walianza kuhesabu siku mimba ilipojulikana. Wachache waliuliza binti huyo alikuwa akiishi vipi mwaka mmoja kabla yake. Wachache zaidi waliuliza kwa nini janga hili huchagua milango: kwa nini hubisha hodi kwa binti wa mkulima wa jembe la mkono mara nyingi kuliko kwa binti wa mwenye duka la jumla.

Katika sura hii nataka tuanze nyuma zaidi. Hoja yangu ni kwamba mimba ya utotoni, kwa wasichana walio wengi, haianzishi umaskini wala haianzishi kuacha shule. Huwakuta wakiwa wameshasogezwa hadi ukingoni, kisha jamii huichukua kuwa sababu ya kuwasukuma kabisa. Asiyeuona mwendo huo tangu mwanzo ataishia kumwadhibu mtoto kwa umaskini wa nyumbani kwao.

Hesabu zinavyosema

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika nchi za kipato cha chini na cha kati walipata mimba zipatazo milioni 21, na kwamba karibu nusu ya mimba hizo hazikukusudiwa. Idadi kubwa kiasi hicho ni vigumu kuipatia sura, kwa hiyo tuje karibu na nyumbani.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wasichana wa umri huo walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Mkoani Katavi walikuwa asilimia 45, na Tabora asilimia 43. Ila ukiacha ramani ya mikoa na kutazama hali ya kaya, picha inakuwa wazi zaidi. Katika kaya maskini kabisa, wasichana 42 kati ya 100 walikuwa wameshaanza uzazi. Katika kaya zenye uwezo zaidi walikuwa 13. Miongoni mwa wasiokwenda shule kabisa walikuwa 52 kati ya 100. Miongoni mwa waliofika sekondari walikuwa 10.

Kenya inatoa picha hiyohiyo. Utafiti wake wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa asilimia 15 kwa nchi nzima. Lakini katika kaunti ya Samburu, ambako ukame, ufugaji wa kuhamahama na uhaba wa shule hukaa pamoja, ilikuwa asilimia 50, na huko Nyeri na Nyandarua ilikuwa asilimia 5. Nchi ni moja, sheria ni moja, mtaala ni mmoja. Kinachotofautiana ni maisha ambayo msichana amezaliwa ndani yake.

Mtu makini atauliza: je, msichana anazaa mapema kwa sababu hakusoma, au hakusoma kwa sababu alizaa mapema? Na umaskini ni mzazi wa mambo hayo mawili, au ni mtoto wao? Hesabu za namna hii, peke yake, haziwezi kujibu. Zinatuonyesha tu kwamba vitu vitatu vinatembea pamoja. Ili tujue nani anamvuta nani, yatupasa kumfuata msichana hatua kwa hatua, kisha tutazame kinachotokea pale mtu anapoingilia kati na kubadilisha kitu kimoja tu.

Mwaka mmoja kabla

Tumfikirie msichana wa kidato cha pili katika shule ya kata. Jina hana, kwa sababu si mmoja. Ada hailipiwi, maana tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada. Lakini kuna sare, viatu, madaftari, na michango ya chakula ambayo hailipiki kirahisi pale mahindi yalipokauka shambani. Kuna siku za hedhi asizo na pedi, na siku hizo hubaki nyumbani. Kila siku anayobaki nyumbani inampunguzia somo, na kila somo analolikosa linamfanya aogope zaidi kuulizwa swali darasani.

Shule za kata, zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000, zilileta sekondari karibu na vijiji kuliko ilivyowahi kuwa. Pamoja na hayo, kata nyingi ni pana, na msichana anaweza kutembea saa nzima au zaidi kwenda, na saa nyingine kurudi, akiwa na njaa. Njiani kuna kijana wa bodaboda anayempa lifti. Mara ya kwanza lifti ni ya bure. Baadaye inaambatana na chipsi, vocha, au elfu mbili ya kununulia anachohitaji. Wazazi wanaoona umbali ni mkubwa humpangia chumba karibu na shule. Wanafunzi huita chumba hicho geto. Humo watoto wa miaka 15 hujipikia, hujilinda na kujitafutia pale unga unapokwisha kabla ya Ijumaa. Mwanamume mwenye kipato kidogo tu anakuwa tajiri mbele ya mtoto aliyelala na njaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilikuwa na kampeni dhidi ya wanaume wa namna hiyo, na jina la mhusika wake, Fataki, likaingia katika lugha ya mtaani. Kila mtu alimfahamu Fataki, na mabinti waliendelea kulala na njaa.

Wengine hawafiki hata kwenye geto. Akishindwa mtihani wa darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14, binti anabaki nyumbani bila mpango wowote. Katika baadhi ya maeneo viongozi wamelalamika mara kwa mara kwamba kuna wazazi wanaowaagiza mabinti wao wajaze majibu ya uongo kwenye mtihani huo ili wafeli, waolewe, na mahari iingie. Nataka tulitafakari jambo hilo bila haraka ya kulaani. Mzazi anayefanya hivyo ametenda uovu kwa mwanawe. Lakini pia amepiga hesabu: miaka minne ya gharama bila uhakika wa ajira, dhidi ya ng'ombe wanaoonekana leo. Umaskini huifupisha mizani ya mtu hadi akashindwa kupima kitu chochote kilicho mbali zaidi ya msimu ujao.

Tunaona basi kwamba muda mrefu kabla ya mimba, shule imeshaanza kumponyoka. Utoro, njaa, alama za chini, umbali na geto vimefanya kazi yao kama mchwa ndani ya mti wa nyumba. Mimba inapotokea, watu huona nyumba imeanguka kwa siku moja.

Mwaka mmoja baada

Kwa miongo mingi hatua iliyofuata ilijulikana. Shule nyingi za Tanzania zilikuwa na utaratibu wa kuwapima wasichana mimba, mara nyingi bila ridhaa yao. Aliyekutwa nayo alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili au aliyeingia katika ndoa, na wakuu wa shule walichukulia mimba kuwa ushahidi wa kosa hilo. Mtoto aliyebakwa na mtoto aliyedanganywa waliandikiwa barua ileile.

Kwa upande wa mwanamume sheria ni kali mno kwenye karatasi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au anayemwoa. Huko vijijini kinachotokea mara nyingi ni kikao. Familia mbili hukutana, wazee hukaa, fedha au mifugo hutajwa, na jambo humalizwa nyumbani. Kesi ikifika mahakamani, binti husema hamjui aliyempa mimba, au shahidi haonekani. Watu huita hali hii tamaa ya wazazi. Ipo tamaa, lakini lipo pia jambo jingine: familia isiyo na kitu inajua kwamba mwanamume akifungwa miaka 30 hakuna atakayelea mtoto, na aliye nje anaweza angalau kuleta sabuni. Adhabu kubwa isiyoambatana na msaada kwa aliyeumizwa humfanya aliyeumizwa awe wa kwanza kuificha.

Mwili nao unalipa. Matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Nyonga ambazo hazijakomaa huongeza hatari ya uzazi pingamizi, na uchungu wa siku mbili au tatu mbali na chumba cha upasuaji unaweza kumwachia binti fistula, ugonjwa wa kuvuja mkojo au kinyesi bila kuweza kujizuia, na kutengwa kunakoandamana nao. Kifafa cha mimba huwapata zaidi walio wadogo. Watoto wao huzaliwa njiti au na uzito pungufu mara nyingi kuliko watoto wa mama waliokomaa.

Halafu inakuja riziki. Msichana asiye na cheti cha kidato cha nne, mwenye mtoto mgongoni, ana milango michache. Anaweza kwenda mjini kufanya kazi za ndani na kumwacha mtoto kwa bibi. Anaweza kuuza vitumbua, kumsaidia mama lishe kuosha vyombo, kulima kibarua kwa siku. Mtaji akiutafuta, atakutana na mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake hula faida kabla hajaigusa. Anaweza kuolewa na mtu aliyemzidi miaka mingi, katika nyumba asiyo na sauti juu ya lini ajifungue tena. Utafiti ule wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania asiye na elimu alikuwa na wastani wa watoto 6.9 katika maisha yake ya uzazi, na aliyefika sekondari au zaidi alikuwa na 3.6. Kati ya namba hizo mbili kuna vikombe vya uji, sare za shule na vitanda vya kulala. Binti wa mama huyu, miaka 14 baadaye, atakuwa akitembea saa nzima kwenda shule ya kata bila kifungua kinywa.

Hivyo ndivyo mambo haya matatu yanavyozalishana. Umaskini wa mama unamfikisha binti ukingoni mwa shule, shule ikimtoka anakuwa karibu zaidi na mimba, na mimba ikishaingia, kila njia ya kutoka kwenye umaskini inakuwa ndefu maradufu. Mzunguko huu hauhitaji mtu mwovu ili uendelee. Unahitaji tu kila mtu aendelee kufanya alichokuwa akifanya.

Ukibadilisha kitu kimoja

Sasa turudi kwenye swali la nani anamvuta nani. Afrika Mashariki na Kusini zimekuwa uwanja wa majaribio machache yaliyofanywa kwa makini sana, na majibu yake yanapaswa kujulikana na kila mjumbe wa bodi ya shule.

La kwanza lilifanyika magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2003, katika shule za msingi 328. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waligawa shule hizo kwa bahati nasibu. Katika baadhi, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za bure, zenye thamani ya dola 6 hivi. Katika nyingine, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha somo la Ukimwi ambalo lilisisitiza kujizuia hadi ndoa. Baada ya miaka mitatu, wasichana waliokuwa wameshapata mimba walipungua kutoka 16 hadi 13 kati ya 100 katika shule zilizopewa sare tu, na walioacha shule walipungua pia. Katika shule ambako walimu walipewa mafunzo tu, mimba hazikupungua. Gauni la shule lilimkinga msichana kuliko mahubiri, kwa sababu lilimwezesha kubaki mahali ambapo ana kitu cha kupoteza.

Hii haina maana kwamba maarifa hayafai kitu. Katika eneo hilohilo Dupas alijaribu aina nyingine ya maarifa. Wasichana wa darasa la nane walionyeshwa, kwa muda usiozidi kipindi kimoja, filamu fupi na takwimu za maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa wanaume kufuatana na umri. Walijionea kwamba mwanamume mtu mzima mwenye pesa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Mimba zilipungua kwa asilimia 28. Waliambiwa jambo la kweli wanaloweza kulifanyia kazi kesho yake barabarani, wakalifanyia kazi.

Jaribio la tatu halikupangwa na mtu. Mwezi Machi 2020 Kenya ilifunga shule kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Katika kaunti ya Siaya, watafiti walilinganisha wasichana wa sekondari waliopitia kufungwa huko na waliomaliza kabla ya janga. Waliofungiwa nyumbani walikuwa na hatari mara mbili zaidi ya kupata mimba kabla ya kumaliza, na mara tatu zaidi ya kuacha shule. Maadili ya mabinti wa Siaya hayakubadilika katika miezi hiyo. Milango ya shule ndiyo iliyofungwa.

La nne ni la Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009. Sarah Baird, Craig McIntosh na Berk Özler walifuatilia wasichana ambao hawajaolewa, waliopewa fedha kidogo kila mwezi pamoja na wazazi wao. Kundi moja lilipewa kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti lolote. Wenye sharti walibaki shule zaidi. Wasio na sharti ndio walioolewa na kupata mimba kwa uchache zaidi, hasa wale walioacha masomo baada ya mradi kuanza, kwa kuwa fedha iliwaondolea haja ya kuolewa ili wale. Lakini watafiti walirudi baada ya fedha kukoma, na wakakuta kinga hiyo imeyeyuka: ndoa na uzazi viliwafikia wenzao. Faida iliyodumu ilikuwa kwa wale waliokuwa wameacha shule kabla ya mradi na wakarudishwa na fedha yenye sharti. Elimu waliyoipata ilibaki nao.

Tukiyaweka majaribio haya pamoja, jibu ni hili. Umaskini unasukuma, na fedha ikija msukumo unapungua. Shule inamshikilia msichana kwa muda wote anaokuwa ndani yake. Na kinachobaki baada ya mradi kuondoka ni kile kilichoingia kichwani mwake.

Mlango wa kurudi

Wako wanaosema kwamba ukimruhusu aliyejifungua arudi, unawaalika wengine. Hofu hiyo inastahili jibu la heshima, na jibu lipo. Tanzania ilikuwa ikiwafukuza wasichana wenye mimba kwa miaka yote hiyo, na bado uzazi wa utotoni ulipanda kutoka asilimia 23 katika utafiti wa mwaka 2010 hadi asilimia 27 mwaka 2015 na 2016. Kenya ina sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994, na kiwango chake kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022. Sisemi kwamba sera hiyo peke yake ndiyo iliyoshusha kiwango. Nasema kwamba kufukuza hakukumwogopesha mtu, na kurudisha hakukumwalika mtu. Zambia nayo ilifungua mlango mwaka 1997, na Zanzibar ilifanya hivyo miaka mingi kabla ya Tanzania Bara.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliowaruhusu mabinti kurudi, ulikuwa hatua ya haki. Lakini waraka haunyonyeshi mtoto. Binti anayetaka kurudi ana maswali ambayo hayajibiwi na karatasi: nani atakaa na mtoto kuanzia alfajiri hadi saa kumi jioni, atanyonyesha wapi, sare mpya itanunuliwa na nani, na mwalimu atasema nini wanafunzi wakianza kumwita mama fulani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na msemo huo hutumika vijijini kumfungia binti mlango. Binti si maji. Ana miaka 16, ana akili ileile aliyokuwa nayo mwezi kabla ya mimba, na sasa ana sababu moja zaidi ya kutaka kazi yenye kipato.

Kwa wasioweza kurudi darasa lilelile, njia nyingine zipo na zinahitaji nguvu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala, ambako mwanafunzi hupita Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kabla ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vilizaliwa katika miaka ya 1970 na sasa ni 54 vilivyo chini ya serikali, vimewapokea wasichana walioacha shule kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaochanganya sekondari na ufundi, na kuna vyuo vilivyoweka mahali pa kulelea watoto ili mama asome. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo. Kwangu ni kipimo: ukitaka kujua kama mpango wa kuwarudisha mabinti ni wa dhati, uliza mtoto analala wapi wakati mama yake anasoma.

Sheria nayo bado ina deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, huku umri wa kawaida wa mvulana kuoa ukiwa 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Gyumi na kuagiza sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita bila marekebisho, na mingine ikafuata. Nchi inayomfunga miaka 30 mtu anayemwoa mwanafunzi, huku Sheria yake ya Ndoa ikiruhusu aolewe msichana wa umri huohuo aliyekosa nafasi ya sekondari, inawaambia wazazi maskini kwamba binti akishatoka shule hana mlinzi.

Kazi iliyo mbele

Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kiwango cha Tanzania kimeshuka hadi asilimia 22. Ni habari njema, na inathibitisha kwamba jambo hili si majaliwa. Bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya kila watano.

Yanayotakiwa hayana fumbo. Mabweni yajengwe pale ambapo kata ni pana, yaanze na wasichana walio kwenye mageto. Chakula cha mchana kiwe sehemu ya shule, na asiye na cha kuchangia asirudishwe nyumbani. Kaya maskini zinazopokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zifuatiliwe hadi binti amalize kidato cha nne, maana Zomba imetuonyesha kinachodumu. Somo la mwili na uzazi lifundishwe kwa ukweli, kwa umri unaofaa, na Fataki wa leo atajwe kwa hatari yake halisi. Aliyefeli la saba awe na mahali pa kwenda Januari ifuatayo. Aliyejifungua apokewe na mwalimu wa malezi anayemjua kwa jina, na mtoto wake awe na mahali pa kulala.

Na wewe unayesoma, una nafasi yako. Kama ni mjumbe wa kamati ya shule, uliza kwenye kikao kijacho ni wasichana wangapi wameacha masomo mwaka huu, na wangapi wamerudi. Kama ni mzazi mwenye uwezo wa sare moja ya ziada, kuna mtoto jirani anayeihitaji. Kama ni mwanamume, yaseme haya kwa wanaume wenzako vijiweni, kwa sababu hakuna mimba ya mwanafunzi isiyo na mwanamume. Na binti wa jirani akikutwa na mimba, kabla hujauliza amefanya nini, uliza atarudi shule lini, kisha msaidie arudi.